Kodi ya Mjane: Sehemu ya Saba

Mlango ulifunguka, msomaji, na Sindano akakiona kile ambacho wiki nzima mmekuwa mkinilaumu kwa kukificha: mikono ya Mjane ilikuwa shingoni mwa mume wake.

Wala haikushtuka mikono hiyo. Ilikuwa ikifunga tai. Vidole laini, visivyojua gundi wala mashine, vilizungusha kitambaa, vikavuta, vikanyoosha kola. Wembe alisimama wima, kidevu juu, kama anayevalishwa sare siku ya kwanza ya shule. Mwilini alikuwa na koti jeusi lisilo lake.

Kwa aliyejiunga nasi leo: Wembe ni mkata sponji katika kiwanda cha magodoro. Jina hilo alilipata kwa sababu akipitisha kisu kwenye sponji nene, pande zote mbili hutoka sawa bila kupima. Mkewe hushona pembe za magodoro kiwandani humohumo, naye huitwa Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Wenzao husema nyumba yenye wembe na sindano haikosi damu. Mjane ndiye mwenye kiwanda. Alikirithi miaka minne iliyopita, mumewe alipofariki. Mbele yake huitwa Mama, na akigeuka tu ni Mjane.

Sindano alikuwa amepanda ngazi na kipande cha kitambaa cha maua, eti kuonyesha kwamba rangi inatoka. Kitambaa hakikuwa na kosa lolote. Alitaka kuona mumewe anafanya nini huko juu kwa mara ya tatu wiki hiyo.

"Ingia, mama," Mjane alisema, bila kuondoa mikono. "Umekuja wakati mzuri. Mikono ya koti ni mifupi, na wewe ndiye unayejua kipimo chake."

Kisha akamwita Wembe kwa jina lake. Si Wembe. Jina lake lile alilopewa na mama yake, ambalo kiwandani hakuna anayelitumia, na ambalo Sindano alidhani limebaki kwake peke yake duniani. Akamwambia avue koti ampe mkewe alirefushe.

"Lilikuwa la marehemu," akaongeza. "Limekaa kabatini bure."

Najua mlivyotarajia. Hata mimi ningependa kuwaambia kwamba Sindano alilitupa koti lile chini na kulikanyaga. Hakufanya hivyo. Alilipokea, akalikunja juu ya mkono, akasema litakuwa tayari kesho, Mama. Kisha akashuka ngazi.

Wa kwanza kuliona koti alikuwa wifi yake, dada wa Wembe, ambaye kazi yake ni kufunga magodoro kwa nailoni karibu na mlango wa ghala. Wifi huyu hakosi habari, na akiikosa huitengeneza. Alilipapasa koti, akanusa kola, akatikisa kichwa.

"Wifi," akasema, "Wembe ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Lakini macho yangu hayana undugu. Mwanamume havalishwi koti la maiti bure."

Akaendelea kumweleza kwamba Jumanne Wembe alishuka akinukia manukato, na kwamba mhudumu wa ofisi alimwambia siku hizi huko juu hupelekwa chai ya vikombe viwili. Lisemwalo lipo, alimaliza, akarudi kwenye nailoni yake akiwa ameridhika. Sindano akarudi kwenye mashine yake na kushona magodoro sita mfululizo bila kuinua macho. La saba alilishona juu chini.

Lakini tusimwonee Wembe. Koti lile lilikuwa na sababu yake, na sababu ilikuwa imekigawa kiwanda kizima.

Serikali ilikuwa imependekeza kodi mpya. Wenye mali nyingi waongezewe, na makato kwenye mishahara midogo yapunguzwe. Jumamosi ile kamati ilikuwa inakuja katika ukumbi wa mji kusikiliza maoni ya watu. Mjane aliwakusanya wafanyakazi wake na kuwaambia bila kuzungukazunguka: kodi hiyo ikipita, atafunga laini ya pili ya mitambo. Laini ya pili ni watu sitini.

Tangu siku hiyo chai ya saa nne haikunyweka kwa amani. Wakata sponji walisema ng'ombe akikamuliwa kupita kiasi hutoa damu. Washonaji wakajibu kwamba ng'ombe ni wao, wanakamuliwa kila mwezi kabla hata ya kuuona mshahara wenyewe, na hakuna aliyewahi kuuliza kinachotoka ni maziwa au damu. Watu waliokuwa wakigawana chumvi walianza kukaa meza mbalimbali.

Na Wembe ndiye aliyeteuliwa kwenda kuisema kodi vibaya mbele ya kamati, kwa niaba ya wafanyakazi wote. Wafanyakazi hawakumteua. Mnajua aliyemteua.

Jioni, Sindano aliketi kwenye ukingo wa kitanda, koti mapajani, akifumua pindo la mkono. Ndani ya pindo palikuwa na uzi wa zamani ulioshonwa kwa ustadi, na alitamani fundi wake angekuwa hovyo, apate angalau kitu kimoja cha kudharau. Wembe alikuwa mezani akiisoma hotuba yake kwa kunong'ona. Ilikuwa kurasa mbili, imepigwa chapa.

Sindano akamuuliza nani aliyeiandika. Wembe akasema waliiandika pamoja. Akamuuliza pamoja na nani. Wembe akafungua ukurasa wa pili.

"Nijibu moja tu," Sindano akasema. "Unakwenda pale kwa ajili ya kazi yetu, au kwa ajili yake?"

Wembe aliiweka karatasi chini. Akamweleza jambo ambalo katika miaka kumi na mmoja ya ndoa alikuwa amelitaja kwa nusu nusu tu. Baba yake alikuwa mpishi wa sabuni katika kiwanda kilichokuwa ng'ambo ya reli. Kodi ilipopandishwa, mwenye kiwanda alifungasha mitambo akahamia nchi nyingine. Mzee aliendelea kuvaa ovaroli lake kila asubuhi, akaketi mlangoni akisubiri kuitwa. Aliketi hapo miaka mitatu. Mama yake Wembe alikuwa akilifua ovaroli lile kila Jumapili ingawa halikuwa na uchafu.

"Matajiri wana miguu," Wembe akasema. "Sisi hatuna. Wao wakiguswa wanaondoka. Tunaobaki mlangoni ni sisi."

Yalikuwa maneno mazito, na siku nyingine Sindano angeinuka akamshika bega. Lakini mapajani mwake palikuwa na koti la mwanamke mwingine. Alichojibu ni kwamba yeye pia anazo sababu zake. Mwaka jana mama yake alilala siku nne kwenye sakafu ya hospitali kwa kukosa kitanda, na huku yeye Sindano kila mwezi anakatwa kodi. Anayeishi kwa mshahara hana pa kuficha hata shilingi, lakini mwenye kiwanda ana wanasheria watatu wa kumfichia. Kama Mjane ataongezewa kidogo, akasema, hatalala njaa.

Wembe akaikunja hotuba.

"Wewe huitaki hiyo kodi," akasema taratibu. "Unachotaka ni kumwona Mjane analia."

Sindano alijichoma sindano kidoleni. Alikinyonya kidole, maana hakuwa na uhakika kwamba mumewe amekosea.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele, nyuma ya meza ndefu, waliketi watu watano wa kamati, na katikati yao mwenyekiti, mzee mpole aliyekuwa akivua miwani kila anapotaka kusikia vizuri. Safu ya kwanza walikaa wenye mali, na Mjane miongoni mwao, kapendeza kuliko inavyohitajika kwa kikao cha kodi. Sindano na wifi yake walipata nafasi nyuma kabisa, karibu na mlango.

Wembe aliitwa. Alisimama mbele na lile koti, na lo, lilikuwa limemkaa. Mikono ilifika pale panapotakiwa. Sindano aliiona kazi yake mwenyewe ikimpendezesha mumewe kwa ajili ya mtu mwingine, na moyo wake ukawa kama kitambaa kilichonaswa na mashine.

Alisoma vizuri. Alisema mwajiri na mfanyakazi wako kwenye ngazi moja, na kwamba anayemtikisa aliye juu humwangusha aliye chini. Safu ya kwanza ilipiga makofi. Alipomaliza, Mjane aliipapasa kwa kiganja nafasi iliyokuwa wazi kando yake. Na Wembe, mbele ya mji mzima, akaenda akaketi pale.

"Umeona?" wifi akanong'ona.

Sindano alikuwa ameshainua mkono.

Hakuwa ameandaa neno. Mwenyekiti alipomruhusu, alipita katikati ya ukumbi akiwa bado na nyuzi kwenye kanga, akasema yeye ni mshonaji wa magodoro, na kwamba anaitaka kodi. Alisema kuhusu makato. Alisema kuhusu mama yake na sakafu ya hospitali. Alisema wanaambiwa daima wawaonee huruma wenye mali ili nao wapate kazi, na kwamba huruma hiyo ndiyo kodi kubwa kuliko zote, kwa sababu hailipwi mara moja ikaisha.

Ukumbi ulianza kuguna kwa kukubali. Ndipo Mjane, bila kuinuka, akasema kwa sauti ya upole:

"Mwenyekiti, mama huyu ana wivu."

Watu wakacheka. Safu ya kwanza ilicheka kwa adabu, safu za nyuma zikacheka kwa raha, maana wafanyakazi wa kiwanda walikuwepo na habari ya koti ilikuwa imeshawafikia wote. Mwenyekiti alivua miwani. Akamuuliza Sindano, bila kejeli, kama ana la kusema juu ya hilo.

Sindano alimtazama Mjane. Kisha akamtazama mumewe, ambaye alikuwa akiyachunguza magoti yake.

"Ni kweli," akasema. "Wivu ninao. Namwonea wivu Mama kwa mikono yake, kwa nguo zake, na kwa hicho kiti alichomkalisha mume wangu. Lakini mimi nilianza kukatwa mshahara kabla sijamjua. Niondoleeni huo wivu leo, na mwisho wa mwezi nitakatwa vilevile."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti aliandika kitu.

Mjane sasa aliinuka. Hakuwa mjinga mwanamke yule, na wala hakuwa na haraka. Aligeuka akamkabili Sindano uso kwa uso, akamuuliza swali moja.

"Na laini ya pili ikifungwa, mama, hao sitini utawaambia nini?"

Sindano alifungua kinywa. Aliwaona wenzake wamesimama ukutani: mpakaji wa gundi, mvuta sponji, msichana wa vifungo aliyeajiriwa mwezi uliopita. Wote walikuwa wakimsubiri.

"Sijui," akasema.

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilimwangusha. Safu ya kwanza ikapumua. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuita mtu mwingine pale kiti kilipokwaruza sakafu, na Wembe akasimama.

Aliomba nafasi ya pili. Akasema aliyoyasoma yalikuwa maneno mazuri lakini hayakuwa yake, na kwamba angependa kuyaacha yake pia. Akawaeleza kuhusu mpishi wa sabuni na ovaroli lililofuliwa kila Jumapili. Akasema bado anaiogopa kodi hiyo, na mkewe ajue hivyo, hajambadilisha. Wengi waliokuwa kama yeye waliitikia kwa vichwa.

"Lakini nina swali kwa Mama," akasema. "Kodi hii isipopita, utatuwekea sahihi kwamba hakuna hata mmoja wetu atakayepoteza kazi?"

Mjane aliufungua mkoba wake na kuufunga.

"Hilo ni la kuzungumza ofisini," akajibu.

Ukumbi ukaguna kama mtu aliyekanyagwa. Wale wanaoipinga kodi ndio walioguna zaidi, kwa sababu ndio waliokuwa wameamini.

Wembe na Sindano walirudi nyumbani kwa miguu. Wifi alijitenga hatua kumi mbele yao, jambo ambalo hajawahi kulifanya, ingawa shingo yake ilikuwa imegeukia nyuma muda wote. Walipofika kwenye kibanda cha fundi viatu, Sindano akauliza, kana kwamba anauliza bei ya nyanya, huko juu kulikuwa na nini.

Wembe akasema hakukuwa na kitu. Walifanya mazoezi ya hotuba. Siku moja tu, Mjane alimwambia ana mabega ya marehemu.

"Nawe ukasemaje?"

"Nikamwambia mabega haya yana mwenyewe."

Sindano alicheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha Wembe akaongeza kwamba Mjane alilia kidogo siku hiyo, na akalisema neno hilo "kidogo" kwa upole uliopita kiasi. Sindano akaacha kucheka. Msinicheke ninyi mlio kwenye ndoa. Mnajua jinsi neno moja linavyoweza kukaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatatu saa moja asubuhi geti la kiwanda lilikuwa limefungwa.

Karatasi ilibandikwa juu yake. Ilisema laini ya pili imesimamishwa mpaka hali itakapoeleweka. Bunge lilikuwa halijapiga kura. Kodi ilikuwa haijapita wala haijakataliwa, na watu sitini walikuwa nje tayari. Orodha ilikuwa chini ya tangazo. Wifi alilikuta jina lake la nne, akalisoma mara mbili kwa kidole, kisha mara ya tatu. Jina la Wembe lilikuwa karibu na mwisho.

La Sindano halikuwepo.

Mlinzi akachungulia kwenye kidirisha cha geti na kusema kwamba Mama anamsubiri mshonaji juu. Yeye peke yake. Umati ulimpisha, na ulimpisha upesi mno, kama watu wanavyompisha mtu mwenye ndui.

Safari hii Mjane alikuwa peke yake, dirishani, hana manukato, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala. Alimwambia akae. Sindano akabaki amesimama.

Mjane alisema kwamba mitambo ya laini ya pili ingesimamishwa kwa vyovyote, kodi au pasipo kodi. Mauzo yalikuwa yameanguka tangu mwaka jana. Kodi ilimfaa tu kwa kuwa ilimpa kitu cha kulaumu. Alilisema hilo bila aibu, kama anayesoma hali ya hewa. Kisha akasema jambo ambalo Sindano hakulitegemea.

"Marehemu alipokuwa hai sikuwahi kumpinga mbele ya watu. Hata mara moja. Wewe ulimpinga wako, naye akasimama akakutetea, na bado hamkubaliani." Akageuka. "Nimeketi nyumbani siku mbili nzima nikikuonea wivu, mshonaji. Mimi."

Akasukuma karatasi nyeupe na kalamu juu ya meza.

Tangu leo, alisema, Sindano ni msimamizi. Kuna kazi ya watu ishirini katika laini ya kwanza. Yeye ndiye anayewajua, basi achague yeye ishirini kati ya wale sitini. Orodha iwe mezani kabla ya saa nne. Akikataa, hataitwa hata mmoja.

Sindano alisema hawezi kuuza watu. Mjane akamjibu kwamba hauzi mtu, anaokoa ishirini, na kwamba arobaini wanaobaki wana haki ya kumchukia, kama ambavyo yeye amechukiwa miaka minne akiwa amekaa kwenye kiti kile kile. Alimwombea mema, na akaonekana kumaanisha.

Alishuka na karatasi imekunjwa mkononi. Mlinzi alimfungulia geti, akamwita "Mama". Hapakuwa na haja ya kueleza chochote, kwa kuwa mlinzi, aliyekwisha kupigiwa simu kutoka juu, alikuwa ameshaeleza. Watu sitini walikuwa wamejipanga mbele yake nusu duara, na nyuso alizokula nazo miaka tisa zilikuwa zimebadilika zote kwa nusu saa.

Wembe alisogea karibu. Hakugusa mkono wake.

"Mmezungumza nini huko juu muda wote huo?" akauliza, na Sindano akaisikia sauti ile, akaitambua, kwa sababu wiki nzima ilikuwa yake.

Alitaka kumjibu. Lakini kutoka nyuma ya umati, mtu ambaye hakumwona alisema bila kupaza sauti:

"Haya, Mama Msimamizi. Anza na mumeo, tukuone."